Nguo ya Kwenda kwa Bi Alawiya

Kabla ya kumpeleka mgeni duka lolote, Asmaa alikuwa na swali moja: "Unakwenda kuonwa na nani?" Wageni wa kutoka mbali zaidi walicheka wakidhani ni mzaha. Wanawake wa Pwani hawakucheka. Walijua kwamba nguo huvaliwa kwa ajili ya macho fulani, na macho hayafanani.

Razan alijibu papo hapo.

"Mama mkwe," alisema. "Amenialika alasiri ya Ijumaa, na jamaa zake wa kike watakuwepo. Nataka akinitia machoni aseme alhamdulillahi."

Walikuwa wameketi uani katika nyumba ya wageni alimofikia Razan. Alikuwa binti wa Maskati, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na Kiswahili alichokisema ni kile alicholelewa nacho nyumbani kwao, cha watu waliohamia Omani zamani wakahama na lugha yao. Alimpata Asmaa kupitia mtandao. Hapakuwa na mwanamke mwingine mjini Lamu aliyefanya kazi kama yake: kuwashauri wageni mavazi, kuwapitisha madukani, kuwasimamia kwa fundi, na kuwaambia bila kuwaonea haya kwamba hii inakufaa, ile inakuzeesha.

Razan alifungua masanduku yake. Yalijaa mabuibui meusi mazito, yaliyodariziwa kuanzia mabegani hadi kwenye vifundo vya mikono. Asmaa aliyafunua moja moja.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini buibui utalivua mlangoni. Watakachokitazama ni cha ndani. Hapo inategemea mwenye nyumba. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Bi Alawiya, mtaa wa Mkomani. Mamake Amjad, mchumba wangu."

Asmaa alikuwa akilikunja buibui mojawapo. Aliendelea kulikunja, akaziweka pamoja pembe zake, akalilaza juu ya mengine na kulipapasa likae vizuri.

"Namjua," alisema.

Miaka mitatu nyuma, Amjad huyo huyo alikuwa akimwita Asmaa mke wangu, kwa sauti ya chini, kana kwamba neno lenyewe lingeweza kuvunjika. Wazee walikuwa wameanza kuzungumza. Mamake Asmaa, Bi Umi, aliyehamia mtaa wa Langoni kutoka Faza, visiwa vya kaskazini, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa tayari amewaambia majirani. Halafu siku moja Amjad alikuja akiwa hainui macho. "Mama hataki," alisema. "Asema hataki mkwe wa Faza. Nimemwomba, nimemlilia. Hataki." Haukupita muda akaenda Maskati kufanya kazi, na habari zake zikawa za kusikia kwa watu.

Asmaa angeweza kumwambia Razan kwamba amekumbuka ana mteja mwingine. Hakusema hivyo. Alijiambia kwamba kazi ni kazi. Ukweli ni kwamba alitaka kumtazama vizuri mwanamke aliyefaa pale ambapo yeye hakufaa.

"Tuanze Langoni," alisema. "Vitambaa vya huko ndivyo ninavyoviamini."

Katika duka la pili Razan alipenda kitambaa cha zambarau kilichopitishwa zari ya dhahabu. Alikivuta jora zima, akajitanda begani mbele ya kioo, na uso wake ukafurahi kama wa mtoto wa siku ya Idi.

"Hiki je?"

Asmaa alimjua Bi Alawiya. Alikuwa amekaa naye kivulini alasiri nyingi, zamani, akimsikiliza akisema kwamba nguo ing'aayo huvaliwa na asiyejua aseme nini. Neno moja tu lingetosha. Chukua. Na Razan angeingia ukumbini Mkomani akimeremeta kama sahani za maonyesho, wanawake wangetazamana, na Asmaa hata asingekuwepo pale wa kulaumiwa.

Alikitazama kile kitambaa kutoka begani hadi chini, Razan akadhani anapima urefu.

"Kiache," alisema mwishowe. "Kinakuvaa wewe. Njoo utazame hiki."

Akamtolea kitambaa laini cha rangi ya zafarani iliyopauka, kisicho na nakshi yoyote. Razan hakukipenda mpaka alipojitanda. Alipojiona kiooni aligeuka upande, akageuka tena.

"Sikujua nina shingo," alisema.

"Unayo. Mengine yote mwachie fundi Ubaid."

Karakana ya fundi Ubaid ilikuwa chumba chembamba chenye cherehani mbili na pazia pembeni la kubadilishia nguo. Siku iliyofuata, nguo ilipokuwa tayari kujaribiwa, Ubaid alikwenda msikitini akawaachia wanawake nafasi. Razan aliingia nyuma ya pazia. Asmaa alikuwa amesimama na pini mkononi, na mlango ukaingia giza. Mtu alikuwa amesimama pale.

"Razan, umesha..." Amjad alisema, kisha akamwona aliyekuwa mbele yake.

Alikuwa amenenepa kidogo, na ilimfaa. Asmaa aliliona hilo kwa jicho la kazi yake, kama anavyoiona mishono. Jicho lake jingine liliona namna alivyoinamisha kichwa, na mkono wa kushoto uliokuwa ukienda kwenye kola kila alipobanwa na jambo, na hilo alilipuuza.

"Asmaa. Sikujua kwamba mshauri wake ni wewe."

"Mteja wangu anabadilisha nguo. Ngojea nje."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Ngojea nje, Amjad."

Hakutoka. Alipunguza sauti. "Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mambo yetu. Hana haja ya kujua. Na wewe unajua kwamba haikuwa mimi. Alikuwa mama."

"Mama alikataa siku moja," Asmaa alisema. "Wewe ulinyamaza miaka mitatu. Sikumbuki hata ni nani aliyenijulisha kwamba ulifika salama. Nadhani ni muuza samaki."

"Ningeandika nini? Kila nilichofikiria kilikuwa cha kukuumiza."

"Kwa hiyo ukaona heri ninyamaziwe."

Hapo Amjad alimtazama, kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yale yale. Asmaa aliuhisi moyo wake ukipiga pigo moja kubwa, kama mlango uliosukumwa na upepo, halafu ukatulia. Alimwonyesha njia kwa ile pini. Amjad akatoka.

Pazia likafunguka. Razan alikuwa amevaa nguo ya zafarani, upande mmoja wa pindo bado haujashonwa, na uso wake ulikuwa umepoa.

"Pazia ni jepesi," alisema.

"Najua."

"Mlikuwa mmeposana?"

"Tulikuwa tumefika karibu. Mamake hakutaka mkwe wa Faza. Ningekwambia jana, lakini hukuniajiri kwa ajili ya hilo."

Asmaa alitarajia kilio, au ghadhabu, au kuambiwa aende zake. Razan aliketi juu ya kibao cha fundi, taratibu, asije akaikunja nguo.

"Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Faza," alisema. "Aliolewa akapelekwa Maskati akiwa msichana. Mpaka anakufa alikuwa akisema 'nti yetu', si nchi, na sisi tukimcheka. Nilipomwambia Amjad, alinikataza nisimtaje. Alisema mama hapendi watu wa visiwa vya kaskazini, tungoje mpaka tumeshaoana."

Nje mtu alikuwa akimfukuza punda aondoke njiani.

"Sasa nishauri," Razan akasema.

"Pindo tutalipandisha kidogo."

"Asmaa. Nishauri."

Asmaa alimsimamisha, akapiga magoti, akashika pindo, akachomeka pini ya kwanza. Ilikuwa rahisi zaidi kusema akiwa chini pale, asipoonekana uso.

"Mimi sikuficha kwetu nikakataliwa. Wewe ukificha utakubaliwa, na kila atakapokukaribisha chakula utakuwa unamwangalia usoni ujue kama ameshaambiwa. Sijui lipi ni baya zaidi. Hilo la pili sijalipitia."

"Basi utakwenda nami."

"Kwa Bi Alawiya? Sifiki mimi pale."

"Nimekuajiri mpaka nitakapotoka mle ndani," Razan alisema. "Siwezi kwenda peke yangu. Unaniona nimetulia hivi, lakini naogopa."

Asmaa alimtazama. Razan alikuwa ameikamata ile nguo nzuri kwa ngumi mbili, hajali tena kama itakunjika. Hapo ndipo alipokoma kumwona kama mwanamke aliyechukua nafasi yake.

Ijumaa, baada ya watu kuswali alasiri, waliingia nyumbani kwa Bi Alawiya. Ukumbini kulifukizwa udi, sinia za halwa na visheti zilikuwa zimepangwa juu ya mikeka, na wanawake wapatao kumi walikuwa wameketi wakizungumza wote kwa pamoja. Mazungumzo yalikatika. Bi Alawiya, mama mfupi mwenye uso mweupe uliokunjamana, aliinuka kumpokea mgeni wake. Macho yake yalipita juu ya bega la Razan yakamwona Asmaa.

"Asmaa," alisema, akimwashiria asogee. "Ndoo, mwanangu. Ndoo, karibu."

Neno mwanangu lilimfikia Asmaa naye hakujua aliweke wapi. Alimbusu mkono kwa adabu. "Nashika moo, Bi Alawiya." "Marahaba, marahaba," alijibiwa, na ule mkono ukachelewa kuuachia wake.

Razan alivua buibui. Wanawake walimtazama, na wale waliokuwa wamejiandaa kutazamana hawakupata sababu.

"Nani amekuchagulia nguo hii?" Bi Alawiya aliuliza.

"Asmaa."

"Nalijua."

Wakaketi, wakanywa kahawa, wakaulizana hali za watu ambao nusu yao walikuwa wamekwisha kufa. Kisha mama mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha aliuliza swali ambalo lazima lingeulizwa. "Na nyinyi kwenu asili yenu ni wapi, Bi Razan?"

Razan aliweka kikombe chini. Hakumtazama Asmaa.

"Baba ni wa Maskati. Lakini bibi yangu mzaa mama ni wa Faza."

Asmaa aliitazama halwa iliyokuwa mbele yake. Aliyajua yatakayofuata, alikuwa ameyasikia kichwani kwa miaka: kikohozi kidogo, mada kubadilishwa, mgeni kuongezewa kahawa kwa upole ambao maana yake ni kwaheri.

Bi Alawiya alipiga makofi.

"Faza! Na hukusema! Mimi mamangu aliponizaa alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Aliyeninyonyesha ni Bi Zamzam wa Faza, Mola amrehemu. Nna ndugu wa kunyonya kule wengi kuliko ndugu zangu wa hapa. Amjad hakukwambia? Amekulia kwao huyo, kila skuli zikifungwa." Akawageukia wenzake akicheka. "Yeo hii nimepata mkwe wa nyumbani!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Razan alicheka pamoja nao, kicheko cha mtu asiyejua bado anachekea nini, na katikati ya kicheko hicho akageuza uso, akamtazama Asmaa. Wote wawili walikuwa wameelewa nusu ya jambo.

Asmaa aliinuka akachukua birika lililokwisha, akapanda nalo ngazi hadi jikoni. Bi Alawiya alimfuata kama aliyekuwa akingojea nafasi hiyo.

"Usijisumbue, mwanangu, niwachie mimi."

"Bi Alawiya," Asmaa alisema, akiwa amelishika birika kwa mikono yote miwili. "Mimi ulinikatalia nini?"

"Mimi?"

"Amjad alisema hukutaka mkwe wa Faza. Na sasa nimekusikia."

Bi Alawiya alijishika kwenye ukingo wa dirisha. Alipozungumza hakuwa tena mwenye nyumba mwenye sherehe.

"Ati nilisema Faza?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hilo la Faza yeo ndiyo kwanza nalisikia. Amelitunga mwenyewe." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Keti, nikwambie, na ukitaka kunitukana nitukane. Alikuya kwangu akasema, mama, nimepata kazi Maskati, sitaki kwenda na mke wala kuwacha mke nyuma. Lakini siwezi kumwambia Asmaa, atanitazama na mato yale. Sema wewe ndiye hutaki. Nikamwambia haifai, mtoto wa watu huyu. Akanililia. Mtu mzima, Asmaa, akilia pajani kwangu. Nikamwambia haya, sema ni mimi."

"Ukakubali."

"Nikakubali. Nalidhani utakasirika mwezi, uolewe na mwingine, usahau. Kisha nikawa nakuona unapita ndiani hunijibu salamu. Nikisema nimeyataka mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemuumbua mwanangu." Bi Alawiya aliinua macho. "Nawe ungeniamini?"

Asmaa alifikiri. "Hapana," alisema.

Kahawa iliyokuwa motoni ikaanza kupanda. Aliizima. Miaka yote aliyolala na chuki ile, alikuwa akimchukia mtu asiyehusika. Na yule aliyehusika alikuwa amemhifadhia mahali pazuri moyoni, pa mwanamume aliyeshindwa na mamake.

"Mwambie Razan," alisema.

"Nimwambie mimi?"

"Wewe, au mwanao. Mimi sitaweza kuyasema. Nikiyasema mimi yataonekana ni wivu."

Bi Alawiya alishusha pumzi. Kisha akatoa simu mfukoni mwa dera lake, akaisogeza mbali na macho, akaitafuta namba. "Amjad," alisema. "Wageni wakitoka, ndoo ndani. Hapana, hakuna aliyekufa. Ndoo tu."

Alikuja jua likiwa bado juu, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Ukumbini walibaki wanawake watatu. Aliwatazama mmoja mmoja, na mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kola.

"Mwambie Razan nani aliyemkataa Asmaa," mamake alisema.

"Mama, si wakati wa..."

"Sema mwenyewe. Nimechoka kuwa mdomo wako."

Amjad aliinyosha kanzu yake, akainyosha tena; Asmaa alipata nafasi ya kumhurumia, na huruma nayo ikaisha.

"Ni wewe?" Razan aliuliza.

"Niliogopa," Amjad alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kuwa mbaya. Sikutaka nionekane mbaya machoni pake."

"Na bibi yangu? Uliponiambia nimfiche?"

Razan alimalizia mwenyewe, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa ukijiwekea akiba. Siku ukitaka kuniacha, sababu ingekuwa iko tayari, na ingekuwa ya mama."

"Wallahi sikufikiria hivyo! Nakupenda, Razan."

"Nami nakupenda. Huo ndio ubaya wake." Aliinuka akalichukua buibui lake. Lilikuwa zito; Asmaa alimsaidia kulivaa bila kuambiwa. "Lakini sitaolewa na mtu ambaye siku akinichoka atamtuma mamake. Nitampigia baba kesho. Nitamwambia ni mimi nisiyetaka, kwa sababu ni kweli."

Alimwendea Bi Alawiya akambusu mkono, kisha kichwa. Mama yule alikuwa akilia bila sauti, na hakumtetea mwanawe kwa neno lolote.

Amjad alimkamata Asmaa kwa maneno mlangoni, Razan akiwa ameshatangulia.

"Umefurahi sasa?"

"Nilidhani ningefurahi," Asmaa alisema. Alimtazama kwa macho yale aliyoyaogopa, na hakuona ugumu wowote kumtazama. "Ingia ukamtulize mamako. Amekubebea mengi."

Njiani Razan alilia akitembea, moja kwa moja, kama mtu anayemaliza kazi. Asmaa alitembea kando yake upande wa njia wenye watu, akimkinga na macho yao. Walipofika nyumba ya wageni Razan alisema angependa kwenda Faza kabla ya kurudi kwao, na Asmaa akasema ana mashangazi huko watakaogombania nani amlaze. Wakaagana.

Bi Umi alikuwa akipepeta mchele nyumbani Langoni. Asmaa aliketi mbele yake juu ya kigoda na kumweleza yote, tangu pazia la fundi hadi mlangoni. Hakuongeza kitu. Bi Umi hakuwa amempa salamu Bi Alawiya tangu mazungumzo ya posa yalipovunjika. Arusini waliketi pembe mbalimbali, matangani vivyo hivyo. Alisikiliza huku ungo ukienda polepole, mpaka ukasimama.

"Nimemlaani mwanamke yule," alisema. "Katika sala zangu, Asmaa."

"Hukujua."

"Naye akanyamaza akazipokea laana zangu."

"Alimkinga mwanawe. Hata wewe ungefanya."

"Nisingefanya," Bi Umi alisema kwa ukali. Halafu, baada ya kitambo, "Sijui."

Aliokota jiwe dogo mcheleni akalitupa. Mchana ulikuwa ukielekea mwisho, na nyumba ya jirani walikuwa wakikaanga samaki.

"Kesho asubuhi twende tukamwamkie," Asmaa alisema. "Mimi na wewe."

Bi Umi aliuweka ungo chini. Alijitazama dera lake la nyumbani lililopauka, akajipangusa chenga za mchele magotini, na kwa sauti ambayo Asmaa hakuwa ameisikia kwake kwa muda mrefu, sauti ya msichana wa Faza anayetaka kutoka, akamwuliza bintiye:

"Nivae nini?"